Gari la Meya Lapumua Hadharani

Halmashauri ya Mji wa Tanekura ina furaha kuwatangazia wananchi wote, wakiwamo wale wa ng'ambo ya mto wanaopenda kusema hawakuambiwa, kwamba gari la Mheshimiwa Meya sasa linapumua. Mimi, Ebisawa, Naibu Mkuu wa Kitengo cha Utulivu na Itifaki, nilisimamia zoezi zima, kwa hiyo hakuna anayefaa kulieleza kuliko mimi.

Chanzo kilikuwa upungufu wa heshima. Meya wetu, Mheshimiwa Kuzuhara, alikuwa akifika mahali na hakuna anayejua. Kwenye tamasha la mavuno ya mpunga alisimama kando ya jukwaa akingoja kushangiliwa, mpaka mama mmoja akamtwika trei ya mishikaki ya kuku, akidhani ni mhudumu.

"Meza ile kule, baba. Chapchap, itapoa."

Mheshimiwa akapeleka. Siku hiyo hakula.

Tukaunda Kamati ya Kufahamika kwa Ujio. King'ora kilikataliwa: ni cha polisi, zimamoto na wagonjwa, na Mheshimiwa si mgonjwa. Honi ni utovu wa adabu. Tulikuwa tumekwama kabisa pale dereva wake, Bi Tokoro, mama wa makamo aliyemalizia ujana wake kukata kona za mlimani kwa kasi isiyosemeka mbele ya watoto, alipofungua mdomo.

"Gari hili lina turbo, wakubwa. Lifungieni valvu ya kupumulia nje. Nikibadilisha gia tu, pshuuu! Mji mzima utajua."

"Hiyo pshuuu inatoka wapi?" akauliza Mheshimiwa.

"Turbo inashindilia hewa kwenye injini. Nikiinua mguu kwenye mafuta, hewa inakosa pa kwenda. Valvu inaifungulia mlango."

"Na sasa hivi inakwenda wapi?"

"Ya kiwandani inairudisha ndani kimyakimya."

Kimyakimya! Kamati ilishtuka. Utawala wenye sera ya uwazi, na hewa yake inapitishwa mlango wa nyuma! Tukaazimia kwa kauli moja kwamba hewa yote ya Meya itolewe hadharani.

Kazi ilifanyika gereji kwa Hachisuka. Tulikwenda kamati nzima, kofia nyeupe za usalama kichwani. Hachisuka alilegeza vibano vya bomba, akang'oa valvu ya zamani, akapachika mpya inayong'aa kama birika la wageni, kisha akachomeka kile kibomba chembamba kinachoiambia lini ifunguke. Mimi nilishika tochi. Ilikuwa saa sita mchana, lakini ofisi ilipaswa kushiriki.

"Mbona mmekuja kijiji kizima?" akauliza Hachisuka.

"Tunasimamia," nikamjibu.

"Basi simamieni kule, mnanizibia mwanga."

Bi Tokoro akampakia Mheshimiwa, wakapanda kilima cha hekalu. Akakanyaga, akaachia. Pshuuu! Waliporudi, Mheshimiwa alikuwa amefumba macho.

"Tena," akasema.

Mafanikio yalipita malengo. Watu waliinama kabla gari halijatokeza. Wengine waliliinamia lori la taka, ambalo breki zake nazo hupumua, ila hiyo tuliiandika kama changamoto ya mafunzo.

Hapa nalazimika kumtaja Bibi Umeno. Mtaro wa nyuma ya nyumba yake umeziba, na kila mvua ikinyesha maji yanaingia jikoni. Kila alipokuja dirishani kwangu nilimhudumia kwa mujibu wa mwongozo.

"Mheshimiwa yuko safarini, Bibi."

"Safari gani hii isiyokwisha? Anakwenda mwezini?"

"Ya kikazi, Bibi."

Basi Alhamisi moja Mheshimiwa, ambaye kiofisi, na kwa Bibi pia, alikuwa mkutanoni mkoani, alikwenda kwenye chemchemi za maji moto kutafakari bajeti. Nilifuatana naye kwa shughuli ya taulo. Barabara inapinda juu ya mtaa wa Bibi Umeno, na kila kona Bi Tokoro alibadilisha gia. Pshuuu. Pshuuu. Bonde likairudisha mara mbili.

Bibi Umeno, naambiwa, alikuwa anamenya figili. Akaweka kisu chini, akawaambia majirani, "Mkoani ni kushuka. Huyu anapanda. Twendeni."

Wakajazana kwenye kigari cha kubebea mboga. Mheshimiwa alikuwa ndani ya maji hadi kidevuni, kitambaa kichwani, walipotokeza ukingoni.

"Bibi, huku ni upande wa wanaume!" nikapiga kelele.

"Nimeogesha wavulana watano, wewe. Huyu hana jipya." Akainama kwa adabu, na wote nyuma yake wakainama. "Mheshimiwa, samahani kwa usumbufu. Tumekuja kuhusu mtaro."

"Njooni ofisini, Bibi, tutaushughulikia."

"Ofisini uko safarini."

"Basi ngojeni nitoke, tuzungumze."

"Toka tu, baba. Hatuna haraka."

Hakutoka. Maji yale ni ya moto kwelikweli, naye alishaanza kuwa mwekundu kama kaa wa kuchemsha. Akanitupia jicho. Nikanyoosha mkono na taulo, lakini Bibi Umeno akalipokea njiani, akalikunja vizuri, akalipakata.

"Nakushikia, mwanangu. Lisije likalowa."

Mheshimiwa akaomba simu yangu. Akampigia mhandisi akiwa mle mle majini, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwenye hotuba zake. Mtambo wa kuchimbia ulifika kwa Bibi Umeno kabla vidole vya Mheshimiwa vilivyosinyaa majini havijakunjuka.

Kesho yake aliamuru valvu ing'olewe. Lakini ukumbi wa halmashauri ulifurika watu, na wananchi, kwa kuzingatia sera yetu wenyewe ya uwazi, wakaazimia ibaki, na kila mkubwa wa halmashauri naye asikike akija. Naibu Meya amefungiwa yake. Mhasibu pia.

Mimi natumia baiskeli. Nimetundikiwa kengele ile wanayovaa wachuma uyoga ili dubu wawasikie wakae mbali. Sijui kwa dubu inafanyaje kazi. Jana nilipofika tu kwenye kona ya benki, wazee wanane walikuwa wamekwisha kupanga foleni, na wa kwanza alikuwa ameniletea kiti.

"Kaa, baba," akaniambia. "Yangu ni marefu."