Jaji wa Bia Hamezi

Dalmas Otiende aliingia uani kwa Muema, upande wa Milimani pale Kitengela, akiwa na nia ya kumuuzia taa ya kufukuza fisi. Taa yenyewe ilikuwa balbu nyekundu iliyobandikwa juu ya kopo la rangi, na fisi waliowahi kuiona walikuja kuota joto lake. Lakini huko uani alikuta watu wazima wawili, wamevaa vizuri, wametumbukiza pua ndani ya glasi na kunyamaza kama walio kwenye maombi. Otiende akairudisha taa mkobani polepole.

"Napata chungwa," alisema mwanamume. Huyo ndiye Muema, mhasibu wa kampuni ya bima jijini, ambaye bafu lake la wageni halikuwa limeogesha mgeni tangu aligeuze kiwanda cha bia.

"Chungwa iko," alijibu mwanamke. Huyo ni Rebecca, mwenye duka la dawa kando ya barabara ya Namanga. Yeye alipikia bia yake stoo, katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi. "Lakini kwa mbali napata kitu ingine. Ni kama… blanketi?"

"Blanketi ya farasi," alisema Muema kwa unyenyekevu. "Wazungu wanaitafuta sana hiyo harufu."

Sasa, kuna tamaa ya pesa na kuna tamaa ya sifa. Mwenye tamaa ya pesa huuliza maswali mengi na kudai risiti. Mwenye tamaa ya sifa hukufungulia mlango mwenyewe na kukuletea kiti. Otiende alikuwa amechoshwa na watu wa risiti. Akakohoa.

"Samahani, wakubwa. Hiyo glasi mnaishika vibaya."

Wakageuka wote wawili.

"Shika mguu, si tumbo. Mkono unapasha bia joto, harufu inatoroka."

"Na wewe ni nani?" aliuliza Muema.

"Jaji wa bia, daraja la pili. Nilisomea Ubelgiji."

Otiende hakuwahi kufika Ubelgiji. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Namanga, na hata huko hakuvuka mpaka. Hata hivyo kiti kililetwa, na glasi ikafuata.

Hapo palikuwa na tatizo dogo. Otiende hakuwa mnywaji. Si kwa sababu ya dini, ila tu pombe kidogo ikishapita kooni humlaza papo hapo alipo. Mara ya mwisho ilimlaza matangani, na akina mama waliofika wakiwa wamechelewa wakaanza kumlilia yeye. Kwa hiyo aliipiga bia ile mafunda mawili mdomoni, akafumba macho, kisha akaitema yote kwenye kitalu cha sukuma wiki.

"Jaji hamezi," alisema. "Ni sheria. Ulimi ukimeza unaanza kupendelea."

Wanaoijua kazi hiyo husema kinyume kabisa, kwamba bia sharti ipite kooni ndipo uchungu wake ujulikane. Lakini pale uani hapakuwa na ajuaye, na uongo ukitanguliwa na neno "sheria" hukaribishwa mpaka mezani.

"Sasa?" Rebecca aliuliza. "Iko aje?"

Otiende akatazama mbali, kuelekea mbugani. "Hii bia," alisema, "inajua mahali inaenda."

Muema nusura alie.

Siku chache baadaye kulikuwa na mashindano rasmi, yakiitwa Kombe la Bia ya Nyumbani, Kaunti ya Kajiado. Kulikuwa na ada ya kuingia. Kulikuwa na nishani, ambazo Otiende alizinunua kwenye duka la vikombe vya soka na kuwakwangua wachezaji waliochorwa humo kwa msumari. Na kulikuwa na sharti kwamba kila mshindani atoe kreti zake bora kabisa zipelekwe Ubelgiji kupimwa. Ubelgiji huo ulikuwa baa moja ya Rongai, ambayo mmiliki wake alikuwa tayari kulipa vizuri kwa bia yoyote iliyoandikwa lebo kwa mkono.

Kreti zikapakiwa kwenye Probox yake nyeupe. Gari hilo ndilo kitu pekee alichokuwa nacho Otiende ambacho hakukipata kwa ulimi. Alilinunua kwa jasho enzi zake za kusambaza mikate, na logbook, hati ya umiliki, ilikuwa chini ya godoro lake, na jina lake mwenyewe ndani. Jumapili ile ndilo lingempeleka Isinya, yeye na mjomba wake Wangila, kujitambulisha kwa wazazi wa Jentrix. Otiende alimpenda Jentrix kweli kweli, na jambo hilo lilimtia hofu, maana hakuwa amezoea kutaka kitu ambacho hawezi kukidanganya. Jentrix alikuwa amemwambia wazi: "Baba hapendi maneno mingi. Anapenda mtu ako na kitu. Ukikuja mikono mitupu, usishuke."

Katika kikao cha mwisho cha kuonja, alitokea mzee mmoja aliyevaa koti la suti juu ya shuka jekundu. Alibeba kibuyu mkono mmoja na kigoda chake mwenyewe mkono wa pili.

"Sopa," alisalimu.

"Ipa," wakamjibu.

Alijitaja kuwa Kisemei. Muema akamsogezea njugu, Rebecca akamsogezea glasi. Alisikiliza sheria zote za Ubelgiji akiitikia kwa kichwa, kwa heshima, na Otiende alipotema, mzee alitazama mate yale yakiruka, kisha akamtazama Otiende, kisha akatabasamu kidogo tu.

"Jaji," alisema baadaye, wakiwa wawili kando ya gari, "mimi niko na pombe ya asali. Enaisho. Lakini hiyo haihukumiwi mjini. Inaonjwa pale imetengenezewa, mbele ya ng'ombe. Hiyo ni sheria yetu."

"Sheria naheshimu," alisema Otiende.

"Niliona," alisema mzee.

Siku ya Ijumaa wakashika barabara ya Namanga. Kreti zilikuwa nyuma, kwa kuwa Otiende alipanga akirudi akate kona Isinya, apite Kiserian mpaka Rongai. Njiani Kisemei aliuliza habari za nyumbani jinsi wazee waulizavyo, moja moja bila haraka, na Otiende, aliyekuwa na furaha, akasema yote. Alimtaja Jentrix. Alimtaja baba yake, Mzee Wanyama, aliyestaafu kiwandani Athi River na sasa anafuga kuku pale Isinya nyuma ya kanisa. Akacheka akasema mzee huyo amekuwa akitafuta Probox ya kubebea mayai, ila anataka ya bei ya baiskeli.

"Wanyama," alisema Kisemei. "Nyuma ya kanisa."

"Huyo huyo."

Walipopita Bisil wakaacha lami, wakafika kwenye zizi kubwa la miiba. Ndani mlikuwa na mitamba wanono, ngozi ziking'aa, na wazee watatu wameketi kivulini wakinywa soda. Kisemei akawasalimu kwa Kimaa, nao wakaitikia. Kibuyu kikafunguliwa. Otiende akapiga mafunda, akafumba macho, akatema kwa ustadi wake wote, na tone la mwisho likamwangukia mtamba mweusi kwenye nundu.

Wale wazee wakaacha kunywa.

"Umebariki," alisema Kisemei kwa sauti ya chini.

"Nimefanya nini?"

"Mtu akitema enaisho mbele ya ng'ombe, amebariki. Hata mtoto anajua."

Kufikia hapo Kisemei alikuwa akisema kweli, na hapo ndipo mjanja stadi huanzia. Aliondoa kofia, akaendelea.

"Na yule amebarikiwa ni wa mwenye kubariki. Hao mitamba wa mbele, wote wale mdomo yako iliangalia, ni wako. Mimi siwezi kataa. Nikikataa, watatupa mimba."

Otiende akawatazama mitamba. Kwa macho ya moyo alijiona akishuka Isinya Jumapili na lori la ng'ombe, Mzee Wanyama akivua kofia, Jentrix akiwa mlangoni. Mtu ako na kitu!

"Basi nitawachukua leo leo," alisema.

"Pole pole. Ng'ombe wamebarikiwa hawatoki siku hiyo. Wanalala. Na mwenye kubariki anawachia kitu yake ya kutembea hapa zizini, ndio wasione wametupwa. Zamani ilikuwa punda."

Wazee wale, ambao hawakuwa wamefuata mazungumzo vizuri, waliitazama Probox kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yao.

Mtu ambaye kwa wiki nzima amewalisha wenzake sheria za kubuni angepaswa kuijua ladha yake. Lakini muuza samaki hanusi samaki. Otiende akatoa ufunguo. Tena, kwa ukarimu, akamvika Kisemei nishani ya dhahabu, akatangaza kwamba pombe ya asali imeshinda.

"Ashe oleng," alishukuru mzee, akainama apate kuvikwa vizuri.

Otiende alirudi Kitengela kwa lori la mbuzi, akiimba. Jentrix alipopiga simu kuuliza mbona gari halionekani, akamwambia liko kwa fundi.

Kesho yake alirudi Bisil na lori la kukodi. Zizi lilikuwa tupu. Alimkuta Lemein, mwenye zizi, akifagia samadi.

"Ng'ombe? Ya wafanyabiashara hiyo," alisema Lemein. "Inapumzika hapa mbele ya soko. Yote imeuzwa asubuhi."

"Na Mzee Kisemei?"

"Yule wa kigoda? Si wa huku. Aliomba tu akae na mgeni wake kidogo. Akatununulia soda."

"Lakini nilibariki! Nilitema!"

Lemein akaegemea ufagio. "Kubariki tunabariki. Lakini kama mtu anapewa ng'ombe juu ya kutema mate, ndugu yangu, hapa Bisil kungekuwa na mtu ako na mate imebaki?"

Otiende akampigia Muema simu. Muema akashangaa: Kisemei si alikuwa mgeni wa Rebecca? Akampigia Rebecca, naye akasema alijua ni mgeni wa Muema, ndiyo maana akamsogezea glasi. "Na Ubelgiji wamesema nini?" aliuliza.

"Wanaonja," alisema Otiende, akaketi kwenye samadi.

Hakwenda polisi. Angeanzaje?

Jumapili walipanda bodaboda, yeye na Mjomba Wangila, wamebanana nyuma ya dereva na mkungu mmoja wa ndizi. Otiende alishuka langoni kwa Mzee Wanyama na vumbi hadi kwenye kope, akiwa amejitayarisha kukataliwa. Kisha akainua macho.

Probox nyeupe ilikuwa imeegeshwa chini ya mpera. Kwenye kioo cha mbele ilining'inia nishani ya dhahabu yenye mguu mmoja wa mchezaji mpira ambao msumari haukuufikia.

"Karibuni, karibuni!" Mzee Wanyama alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Mnanipata na furaha. Nimenunua gari jana! Mzee mmoja Mmaasai, mtu wa heshima sana, alikuja hapa akaniita na jina. Bei ya kutupa! Na akaniongezea kreti za bia ya Ubelgiji."

"Ya Ubelgiji," Otiende alirudia.

"Logbook ataleta kesho. Lakini mimi si mjinga. Nimeambia kijana wa saiba aangalie hiyo namba ya gari kwa kompyuta jioni, tuone jina ya mwenyewe."

Otiende aliona mwisho wake ukija kwa miguu yote minne. Jioni jina lake lingetokea, na Mzee angetaka kujua ni mkwe gani huyu anayeuza gari lake kupitia mzee asiyejulikana, na kila jibu la kweli lilikuwa baya kuliko uongo. Alitaka kulia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama kitambaa.

Wakati huo Jentrix alitoka jikoni na sinia la chai. Akalitazama gari ambalo alilijua kila mkwaruzo. Akaitazama nishani. Akamtazama Otiende na vumbi lake, kwa muda wa kutosha.

"Baba, usisumbue mtu wa saiba," alisema, akiweka sinia mezani. "Mwenye hiyo gari ni huyu hapa."

Mjomba Wangila akaangusha ndizi.

"Dalmas ndiye alituma huyo mzee," aliendelea Jentrix, sauti laini kabisa. "Alijua wewe hutakubali zawadi ya mkwe kabla ya mazungumzo. Ndio maana bei ikawa ya kutupa. Logbook ataleta yeye mwenyewe kesho, na atasaini. Si ni hivyo, Dalmas?"

Otiende alikuwa amesikia uongo mwingi, mwingi wao ukiwa wake. Lakini huu ulikuwa umesimama bila nguzo, umepakwa rangi, na una madirisha. Akamtazama Jentrix usoni akaona kwamba hakuamini hata neno moja la aliyoyasema. Akampenda mara mbili, na kumwogopa mara tatu.

"Ni hivyo," alisema.

"Kijana mnyenyekevu!" Mzee Wanyama alimkumbatia. Kisha akamwachilia. "Lakini hiyo ni zawadi. Si mahari. Ng'ombe zinabaki pale pale."

Chupa ikafunguliwa kusherehekea. Ilikuwa na lebo ya Muema. Otiende akapiga funda, akafumba macho, akatafuta kitalu cha sukuma wiki. Hakukuwa na kitalu. Kulikuwa na mama mkwe mbele, baba mkwe kulia, na zulia jipya chini.

"Meza," alisema Jentrix.

Akameza. Chungwa lilikuwamo kweli. Na kwa mbali kabisa, pale kooni ambako jaji wa daraja la pili hakuwahi kufika, lilikuwamo blanketi la farasi, na lilikuwa zuri. Alifungua mdomo aseme hivyo, akalala.

Mahari ilijadiliwa mchana ule wote, naye akiwa ameketi katikati. Alipoamka jua lilikuwa limeinama na watu walikuwa wakipeana mikono. Jentrix akamnong'oneza idadi ya ng'ombe, na Otiende akaruka kitini.

"Nani alikubali?"

"Wewe," alisema Jentrix. "Kila wakiongeza mmoja, ulikuwa unaitikia na kichwa."