Sharubati Atafuta Wanafunzi

Sharubati alikuwa amefumba macho, povu limemjaa kidevuni na wembe wa kinyozi unateleza shingoni, aliposikia habari iliyomfanya atamani kuinuka pale pale. Kwenye benchi la kusubiria alikaa mlinzi wa ile sekondari ndogo ya serikali iliyo nyuma ya soko, analalamika kwamba kibarua chake kinaota nyasi. Shule imebaki na wanafunzi tisini na moja. Serikali inatoa ruzuku kwa kichwa, na shule isiyofikisha vichwa mia na ishirini inafungwa, watoto wanahamishiwa shule kubwa ng'ambo ya barabara kuu. Maafisa wa kuhesabu wanakuja Ijumaa.

Mtu mwingine angesikia hapo msiba wa jirani. Sharubati alisikia neno moja tu: kichwa. Mji mzima umejaa vichwa, aliwaza, na vingi havina shughuli.

Jina la Sharubati alipewa na watu wa mtaani kwa ajili ya sauti yake. Maneno yake yalishuka kwa msikilizaji yakiwa baridi na matamu, na tumbo lilianza kuuma baadaye sana, mtu akiwa nyumbani peke yake. Aliwahi kumkodishia fundi viatu kivuli cha ukuta wa benki, kwa mkataba, na siku ya mawingu akamdai nyongeza. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka arobaini, naye aliishi chumba cha nyuma kwa dada yake mshonaji, akila chakula cha dada yake bila haya hata kidogo, maana haya, alivyokuwa akisema, huzuia chakula kushuka vizuri.

Dada huyo aliacha shule kidato cha pili, baba yao alipofariki, akakaa kwenye cherehani ili mdogo wake asome. Mdogo wake alipokea ada kila muhula kwa mikono miwili na kuipeleka kila mahali isipokuwa shuleni.

Siku iliyofuata, akiwa ndani ya suti aliyoazima kutoka kwa mteja wa dada yake bila mteja mwenyewe kujua, Sharubati aligonga mlango wa mkuu wa shule. Ofisi ilikuwa ndogo, na ndoo imetegwa pembeni chini ya bati linalovuja. Mkuu alikuwa mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, vidole vina vumbi la chaki. Alimtazama mgeni wake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akamkaribisha kiti.

Sharubati alijitambulisha kama mtaalamu wa idadi ya watu. Akaeleza kwamba kodi za vyumba zimepanda, wenye watoto wadogo wamehamia pembezoni mwa mji, na vyumbani mwao wameingia watu wazima wa vibarua na biashara ndogondogo, ambao wengi wao shule waliiacha katikati.

"Mtaa huu haujakosa wanafunzi, Mama," alimalizia. "Umekosa watoto. Hayo ni mambo mawili tofauti."

Mkuu alivaa miwani na kuomba ayarudie maneno hayo ili ayaandike. Sharubati mwenyewe alishtuka kidogo, kwa kuwa alikuwa ameyatunga akipanda ngazi, na sasa aliona yanafanana sana na ukweli. Jambo hilo lilikuwa halijawahi kumtokea kazini.

Alipoomba malipo ya awali, mkuu alijibu kwamba shule haina kitu. Ruzuku ikija, watazungumza. Sharubati hakununa. Hela ya shule hakuwa ameipigia hesabu. Alichotaka ni kibali chenye muhuri, nacho alipewa, tena muhuri ukagongwa mara mbili.

Kwa muhuri huo alizunguka mtaa mzima. Alitangaza kwamba serikali itamlipa posho nono kila mtu mzima atakayerudi sekondari, na kwamba kinachotakiwa ni ada ya kujiandikisha tu, ambayo mshauri, yaani yeye, amekubali kuipokea kwa kujitolea. Kinyozi alilipa. Fundi bomba alilipa. Mwenye nyumba mmoja, ambaye sekondari aliimaliza zamani, alikubali kusahau yote aliyosoma ili aistahili posho, na akamwandikisha na mkewe.

Muuza mboga ndiye aliyemtatiza. Huyu hakuuliza posho. Alifungua fundo la khanga, akatoa noti moja moja, na kuuliza kama wataanza Kiingereza mwanzo kabisa au watawakuta wenzao wameshafika mbali, kwa sababu yeye hapendi kuchekwa. Sharubati akamhakikishia kwamba wataanza mwanzo kabisa. Alipoondoka alihisi kitu kinamchoma kifuani, akasingizia maharage.

Alhamisi jioni alimpelekea dada yake koti na bahasha iliyovimba.

"Nishonee hii ndani ya bitana, dada. Ni nyaraka."

"Unasafiri?"

"Semina."

Dada hakuuliza zaidi. Hiyo ndiyo sifa ambayo Sharubati alimpendea, na ndiyo sababu alimwachia mzigo ule na kwenda kulala usingizi mnono. Asubuhi alilikuta koti kwenye henga, limepigwa pasi, bitana imeshonwa kwa nyuzi ndogo zisizoonekana. Alilipapasa, akasikia unene wa maisha mapya, akatoka kimyakimya.

Kwenye stendi aliingia chooni ili atoe nauli. Alichana bitana kwa meno. Kilichotoka ni vitambaa vya buluu, vimekatwa vipande sawasawa kwa ukubwa wa noti na kufungwa kwa uzi, kazi safi kabisa ya mtu anayejua mkasi. Sharubati alivigeuza upande wa pili, kama kwamba thamani yake huenda ingekuwa nyuma.

Alirudi mtaani kwa miguu, maana nauli ya kurudi pia hakuwa nayo. Duka la dada limefungwa, jambo ambalo hakuwahi kuliona siku ya kazi. La kinyozi nalo limefungwa. Fundi redio wa jirani akamwambia wote wameelekea shuleni, wamependeza hasa.

Aliwakuta kwenye lile darasa la mwisho ambalo kwa miaka lilikuwa stoo ya viti vibovu. Limefagiliwa, na madawati yamepangwa safu. Wameketi kinyozi, fundi bomba, mlinzi mwenyewe, muuza mboga aliyebana nywele kama msichana, wote ndani ya buluu. Mbele karibu na dirisha, mgongo wima, amekaa dada yake.

"Dada," alinong'ona akimwinamia, "hela zangu ziko wapi?"

"Ziko miilini mwa wenyewe," dada alijibu bila kugeuka. "Sare ishirini na tisa. Na mshonaji naye nimejilipa. Ni mara ya kwanza mdogo wangu kunilipa kitu."

Sauti ya mkuu wa shule ikatoka nyuma yake, ya upole kabisa. Alimweleza kwamba alimtambua kabla hajakaa kitini, kwa sababu alimfundisha hisabati humu humu kwa mihula miwili. Sharubati alimkodolea macho. Hakuikumbuka sura hiyo hata kidogo.

"Huwezi kunikumbuka," mkuu alisema. "Hukuwahi kuingia kipindi changu. Mimi nilikuwa nakuona dirishani ukiruka ukuta."

Siku ile ile Sharubati alipogonga mlango wake, alimwita dada mtu, naye akakopa kitambaa na kuanza kushona sare mapema. Kanuni ya uandikishaji, aliendelea, haijataja umri popote; yeye mwenyewe hakuwahi kuwafikiria watu wazima mpaka mtaalamu alipomfumbua macho, na kwa hilo anamshukuru kwa dhati. Jana usiku aliwakusanya wote na kuwaambia kwamba posho ni hewa. Mwenye nyumba akavua sare na kuondoka akitukana. Mkewe akabaki.

"Kwa hiyo tuko mia moja na kumi na tisa," mkuu alisema. "Suruali ya mwenye nyumba ipo. Ukikaza mkanda itakutosha."

Viatu vya maafisa vilisikika kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi, na Sharubati alikuwa na miguu mizuri ya kukimbia, iliyokwisha kumwokoa mara nyingi. Lakini watu wote aliowalia hela walikuwa wanamtazama, na hakuna aliyekasirika. Walikuwa wanamtazama kama watu wanaosubiri mwenzao akae ili kipindi kianze. Akachukua ile suruali, akaenda kuibadilisha nyuma ya kabati.

Afisa mmoja, mwanamke mnene mwenye kalamu mbili, alihesabu safu kwa safu mpaka akafika kwenye dawati la nyuma, alipokaa mtu mwenye suruali ya buluu iliyokunjwa mara mbili kiunoni. Akasimama hapo, akamuuliza kwa nini amerudi shule na umri huo.

Dada aligeuka kwa mara ya kwanza. Sharubati alifungua kinywa, na yale maneno matamu, ambayo hayakuwahi kumwangusha mbele ya polisi wala mbele ya wadai, yakagoma kutoka.

"Sikusoma," alisema.

Afisa akaweka alama na kuondoka. Mlangoni alimkumbusha mkuu kwamba watakuja tena kila mwezi, na kichwa kimoja kikikosekana, ruzuku inakatwa. Hapo hapo darasa likakubaliana kwamba muuza mboga na fundi bomba watampitia Sharubati kila asubuhi, mmoja agonge mlango wa mbele, mwingine asimame kwenye dirisha la nyuma.

Jioni dada alisogeza cherehani pembeni, akawasha taa, wakakaa pande mbili za meza moja na zoezi la kwanza la hisabati. Kalamu ya dada ilikuwa inakwenda bila kusimama. Sharubati aliutazama ukurasa wake mweupe, akakohoa, akalisifu shati jipya la dada, kisha taratibu, kama mtu anayejinyoosha shingo, akaegemea upande wa daftari la dada.

Dada alilifunika kwa kiwiko.

"Fanya la kwako," alisema.