Kuhusu Mama Kutembea Bila Idhini

Bukoba,
Jumatatu asubuhi.

Kwa Baba Mdogo Jovitus,
Mwenyekiti wa Ukoo wetu, Muleba.

Shikamoo Baba Mdogo.

Mimi mwanao Rogasian Ndyamukama, afisa wa serikali, nakuandikia kwa heshima na uchungu kukuarifu yaliyonikuta Jumamosi nilipokwenda Nyakakika kumwona Mama kwa siku moja. Unakumbuka kwamba alipopooza upande wa kushoto nilimweka kwangu miezi minane, sebuleni, mbele ya televisheni, bila kukosa kitu. Baada ya Pasaka dada yangu Joviana akaja kumchukua, eti akabadili hewa kidogo kwa mumewe, yule mkulima Theoneste Manirakiza, ambaye wazazi wake walitoka Burundi na jembe moja. Hewa hiyo sasa ina miezi mitano. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikupokewa kama mtu wa hadhi yangu. Nilifika saa sita nikiwa na suti, nimekodi bodaboda mbili kutoka Kayanga: moja yangu, nyingine ya kiti cha magurudumu nilichomnunulia Mama. Mtoto wa Joviana, Noela, akanitazama na kusema, "Shikamoo mgeni." Mimi, mjomba wake! Nilipomuuliza kama hanijui, akajibu kwa adabu kwamba hajawahi kuniona. Mtoto wa darasa la tatu anayesema ukweli namna hiyo hajalelewa.

2. Mama hakuwa kitandani. Nilimkuta migombani, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, fimbo mkono mmoja, kisu mkono mwingine, anapunguza majani makavu. Hakuna aliyeniomba idhini. Nilikwisha kuwatangazia watu wa kanisani na ofisini kwamba Mama hatatembea tena, na nimeombewa mara mbili kwa jambo hilo. Sasa niwaambie nini? Eti Theoneste alifunga kamba kutoka mlangoni hadi jikoni, akawa anamshikisha kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Leo hatua tano, kesho sita. Mtu ambaye hajasomea udaktari hata siku moja!

3. Kile kiti, Mama alikizunguka, akakisifu sana, akaagiza kipakiwe mkungu wa ndizi, akakisukuma mwenyewe hadi jikoni. Theoneste akaniambia, "Asante shemeji, mgongo wangu utapumzika." Niliona dharau.

4. Chakula alipika Theoneste. Mwanamume, jikoni, anamenya ndizi, na Mama kwenye kigoda anamcheka anavyomenya. Baba Mdogo, sisi Wahaya ndizi tunaijua. Nilikula sahani tatu ili nipate ushahidi wa kutosha.

5. Jirani yao Mukabera alipita akasema, "Amahoro." Mama, mjane wa katekista wa Muleba, akaitikia "Amahoro," akaongeza na maneno mengine ya Kirundi, wakacheka wote isipokuwa mimi. Kwangu, miezi minane, hakuwahi kusema zaidi ya "ndiyo" na "zima hiyo."

6. Saa tisa nilimwambia afungashe, tunaondoka. Akanishika kwa mkono wake wa kushoto, ule uliopooza, akasema mbele ya watu: "Rogasian mwanangu, kwako nilikuwa nasubiri kufa. Hapa nasubiri maharage yakomae." Hakuna aliyecheka. Wangecheka ingekuwa nafuu.

7. Theoneste alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea zawadi ya ndizi kichwani, akaniaga: "Karibu tena nyumbani." Nyumbani!

Kwa hiyo naomba ukoo ukae haraka na uamue kwamba Mama arudishwe Bukoba. Kwamba kutembea kwake kusitishwe, kuanze upya mimi nikiwepo. Na kwamba Theoneste aeleze kwa maandishi amempa Mama kitu gani ambacho mimi, mtoto wake wa kwanza, sikuwa nacho.

Nisalimie Mama Mdogo Joanitha na wote wa hapo nyumbani, hata wanaosema Theoneste ni mtu mwema.

Mwanao mtiifu,
Rogasian

Tanbihi: Baba Mdogo, barua hii usiisome kikaoni. Kuna jambo sikuliandika. Mwaka wa harusi yao ukoo mzima ulikataa kwenda kwa sababu niliwaambia nimechunguza na kukuta Theoneste ana mke mwingine huko Kibingo. Sikuchunguza chochote. Sikufika hata Kibingo. Sikutaka tu shemeji mkulima. Pale barabarani nilimuuliza kama aliwahi kujua nani alisema maneno yale. Akasema anajua tangu siku ileile, kisha akaniuliza kama nina maji ya kunywa njiani. Jumamosi hii narudi. Naomba twende wote, maana peke yangu sijui nianzie wapi.