Mnyonyaji Sebuleni kwa Mwanyumba

Jumatatu, 6 Machi

Nyumba kimya. Mke wangu bado yuko kwa dada yake. Niseme ukweli, maana hapa hakuna anayenisikia: kosa ni langu. Lote. Ilikuwa sehemu ya mwisho ya tamthilia yake, aliyoifuata tangu mwaka jana. Bibi harusi anaingia, muziki unapanda, mke wangu kitambaa mkononi, machozi yako tayari. Mimi nikasimama mbele ya televisheni. Nikaeleza kwamba pale haolewi mtu. Pale kiwanda cha saruji kinaimeza kampuni ya malori, na yule binti ni muhuri tu wa mkataba. Nilipomaliza, majina ya waigizaji yalishaanza kupita. Hakuona hata shela.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alifunga begi, akasema anakwenda mahali ambapo harusi ni harusi. Akaondoka na rimoti.

Bila rimoti televisheni yetu imeganda kwenye chaneli ya katuni. Leo nimemwangalia sungura akilinda shamba la karoti. Nikajiuliza, karoti za nani? Nikageuka nimwambie mtu. Hapakuwa na mtu.

Lawama kidogo naipeleka kwa ile semina ya wafanyakazi. Mkufunzi alituonyesha sinema ya ngumi, akawa anaisimamisha kila mara: hapa nani mwenye mali, nani anatoka jasho? Wenzangu wa kwa dobi walifuata soda. Mimi macho yalifumbuka. Tatizo hayajafumba tena, hata pale yanapotakiwa yafumbe.

Nimetubu. Kesho namfuata. Nitakaa kimya kama pasi iliyochomolewa.

Jumanne, 7 Machi

Mpango: mtandio wake aliousahau. Niliupiga pasi kazini, nikaukunja kama shati la waziri. Sababu tosha ya kubisha hodi.

Shemeji alinifungulia, akanipima kuanzia viatu. Akasema, "Karibu, Bwana Maelezo." Kumbe nimeshapewa jina! Mke wangu akapokea mtandio, akaunusa, akasema asante. Asante! Nikaona mambo yameiva.

Kikwazo ni mwanyumba wangu, mume wa shemeji. Anauza matairi. Ana skrini pana kama mlango wa gereji, na sinema ikiwaka hasemi neno. Watu wanamsifu kwa utulivu wake. Jamani, mtu yule amelala! Anakoroma kwa ndani. Lakini skrini ni yake, kwa hiyo familia yote iko kwake. Amehodhi mpaka macho ya watu.

Nikakaribishwa. Sinema ya jitu linaloishi kwenye kasri, usiku linashuka kijijini kunyonya watu damu. Mungu wangu! Niliuma ulimi. Nikang'ang'ania mkono wa kochi. Wakulima wamenyauka kama mboga za juzi, lenyewe lina joho jipya! Neno likanitoka. Kwa sauti ya chini tu. Nikasema, "Mnyonyaji mkubwa huyu! Ananyonya, analala, akiamka ananyonya tena. Dawa yake aachishwe kwa nguvu!"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikageuka. Ubavuni kwangu alikuwa amekaa binti wa shemeji, na kichanga chake kifuani, kinanyonya.

"Baba mdogo," akasema, "mtoto huyu hata arobaini hajatimiza!"

Nikajaribu kurekebisha. Nikaeleza kwamba kuna mnyonyaji na mnyonyaji. Kwamba mtoto mwenyewe, tukimchunguza vizuri, hana hatia, hatia ni ya mfumo. Hapo ndipo mwanyumba alipoamka. Akauliza nani kamwita mjukuu wake bepari. Niliondoka kabla ya chai.

Mke wangu hakunitetea. Ila nilimwona amejiziba mdomo kwa ule mtandio. Alikuwa analia au anacheka? Nimejiuliza njia nzima.

Jumatano, 8 Machi

Kazini. Mashati ya hoteli, kola tu tangu asubuhi. Nilimsimulia Mama Vifungo, ambaye natumia naye meza moja, yeye anarudishia vifungo vilivyong'oka. Alicheka mpaka akajidunga sindano. Halafu akasema, "Mwenzangu, watu wanaangalia sinema ili wasahau pasi. Wewe unawabebea pasi mpaka sebuleni. Tena ya moto!"

Nikamwambia hivyo ndivyo mwenye pasi anavyotaka, tusahau. Akaniambia mwenye pasi yuko nyuma yangu. Kweli. Bosi alikuwa amesimama, na shati la mteja lilikuwa linafuka moshi.

Nimehamishiwa kwenye soksi. Kutafuta wenza wa soksi siku nzima. Kila niliyempatia mwenzake nilimwonea wivu.

Alhamisi, 9 Machi

Mpango mkubwa! Kama mwanyumba ana skrini, nami nitakuwa na kubwa zaidi, tena ya umma. Nimeazima projekta kwa mpiga picha wa harusi. Shuka ya hoteli, ile pana, nimeinyoosha na kuibana ukutani. (Nakiri: hoteli haina habari.) Nikapita mlango kwa mlango kualika majirani. Lengo ni watu wajae, vicheko vitoke dirishani, habari zimfikie mke wangu kwamba raha iko nyumbani kwake.

Jirani wa kulia aliuliza kama nitaongea. Nikasema kidogo. Akakumbuka kwamba ana wageni. Jirani wa kushoto hakuuliza kitu, alizima taa.

Akaja mlinzi wa duka la pembeni peke yake. Alikaa ukingoni mwa kiti, rungu mapajani. Kwenye shuka, mjusi mkubwa kuliko ghorofa anabomoa mji. Nikamweleza: yule mjusi ni mtaji, unakula haushibi, na unaanza na nyumba za wapangaji. Akafikiri sana. Akasema, "Bosi, mimi naona ana njaa tu." Nikamwomba asiniite bosi. Akaomba ruhusa akalinde.

Mjusi akaendelea kubomoa. Nikageukia kiti cha mke wangu nikasema, unaona, daraja nalo limekwenda. Yeye angeniambia ninyamaze. Au angesema daraja lenyewe lilikuwa bovu, na angekuwa na sababu zake, maana yule mwanamke hakosi sababu. Kiti hakikubisha. Nilizima kabla mjusi hajafa. Sikutaka kuufikia mwisho peke yangu.

Ijumaa, 10 Machi

Shemeji kaja kazini kwetu na suti ya mwanyumba. Na ujumbe! Mke wangu atakuja Jumapili alasiri, tuangalie sinema moja pamoja. Ya mapenzi, kaichagua mwenyewe. Nikifika mwisho bila neno, anarudi nyumbani moja kwa moja.

Shemeji akaongeza la kwake, kwa shingo upande. Ati mdogo wake analalamika. Kule sebule imejaa watu, lakini sinema ikiisha kila mmoja anakwenda kulala, hakuna wa kuulizwa hata swali. Halafu akaninyooshea kidole. "Neno moja, shemeji. Moja! Usije ukasema sikukwambia."

Hayo mengine sikuyashika, nilibaki kwenye "anarudi". Nikaomba kutolewa kwenye soksi kwa muda, nikaipiga suti ile pasi kuliko suti zote za maisha yangu. Adui ni adui, lakini suti haina kosa.

Jumamosi, 11 Machi

Mazoezi. Mama Vifungo kanishauri nijaze maji mdomoni, nisimeze wala nisiteme mpaka sinema iishe. Nikajaribu na katuni. Nyuki wanajenga mzinga, dubu anakuja na ndoo. Nikavumilia. Dubu akajaza ndoo, akawaambia nyuki asante. Nikavumilia! Yakaingia matangazo. Sabuni inayogeuza kufua kuwa furaha. Furaha! Maji yaliruka mpaka kwenye kioo cha televisheni.

Nikafuta, nikaanza upya. Hadi jioni nimeweza kuangalia tangazo zima la benki bila kudondosha tone. Nimekuwa mtu mpya.

Jumapili, 12 Machi

Alikuja! Gauni la bluu, lile la maua madogo, na rimoti mkononi. Nilikuwa nimeshajaza maji, nikamkaribisha kwa kichwa. Akaniangalia mashavu yalivyovimba, akasema, "Haya, bubu wangu, kaa." Wangu!

Sinema: mshona nguo kampenda kijana wa jumba kubwa. Jumba hilo limejengwa kwa jasho la nani? Nilinyamaza. Baba wa kijana akawatupia wapangaji vitanda nje. Nilinyamaza mpaka machozi yakanitoka. Mke wangu akadhani ni mapenzi, akanishika mkono. Wale wawili wakaachana stesheni. Wakatafutana. Wakakumbatiana katikati ya mizigo ya watu. Mwisho!

Nikameza maji. Nimeshinda!

Tukakaa vile vile, mkono wangu bado uko kwake. Ulikuwa na joto. Akasema nimekonda. Akasema kule kwa dada yake godoro ni zuri lakini usingizi hauji. Kisha akauliza taratibu, bila kuniangalia, "Mzee wangu, hivi unadhani walipendana kweli?"

Kaniuliza mwenyewe! Na sinema imeshaisha! Nikamwambia swali hilo ni zuri sana, nalo lina sehemu tatu. Nikachomoa mkono ili nisimame mbele ya televisheni, nieleweke. Kwanza, cherehani ni ya nani. Pili, kwa nini mtu akose mahali pa kukumbatia mwenzake isipokuwa stesheni. Sijawahi kueleza vizuri namna ile. Nilikuwa naonyesha kwa kidole kwenye kioo, hata pumzi sivuti.

Nilipogeuka nianze ya tatu, hayupo. Mlango wazi.

Nimelitafakari. Ni wazi yamemwingia. Mambo haya hayasikilizwi na mtu mmoja, kwa hiyo amekimbia kumwita dada yake na mwanyumba nao waje wasikie. Wakifika nitaanza upya kwenye cherehani, maana mwanyumba ni mzito. Giza limeingia na njia si ndefu, lakini shemeji naye anachelewa kuvaa. Mlango sijaufunga. Kwa sasa naipitia sehemu ya tatu kwa sauti, nisije nikaisahau.