Damu Inanitii

Jumatatu, 3 Machi

Nimeenda kwa tabibu wa sindano. Bega, tena. Cherehani imenipinda. Akanichoma kwa sindano nyembamba, na ngozi pale pale ikawa nyekundu, ikapata joto. Akaeleza kwamba sindano ikiingia, mishipa midogo ya pale hutanuka, damu ikapita kwa wingi. Akaongeza kuwa kazi hii husomewa miaka. Nilimwonea huruma. Mimi sindano nimeishika tangu sijaota ndevu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeiva. Mama mkwe, mwenye duka letu la ushonaji, anastaafu. Jumamosi atamtaja wa kukaa meza ya mbele, ya kupokea wateja. Tuko wawili: mimi na mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Yeye ana meno mazuri. Mimi nina sayansi. Nimechoka kukaa nyuma na pasi. Naitaka meza ile mpaka usingizi unanipaa.

Sasa, miguu ya mama mkwe ni baridi mwaka mzima. Soksi mbili hazifui dafu. Nikiipasha moto, meza yangu.

Mke wangu kasema nisithubutu kumchoma mama yake. Kipaji cha nyumbani hakina heshima.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempima mama mkwe miguu kwa utepe, nikaipiga alama za chaki kila penye mshipa. Alitulia kabisa. Kumbe alidhani namshonea soksi. Mwanyumba akapita, akauliza kama nitaweka na bitana. Wivu huo.

Alipoiona sindano, mama mkwe akaficha miguu chini ya sketi. Akasema nianze na mguu wangu mwenyewe. Sawa. Jumamosi, mbele ya wote.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefaulu! Kichwa kinaniuma, lakini nimefaulu.

Nilisimama katikati ya duka, nikakunja suruali, nikajichoma shavu la mguu. Sindano moja tu, ya kushonea kwa mkono, niliyoichemsha. Nikaichungulia. Kisha nakumbuka jora la kitambaa cheusi likinijia usoni. Mke wangu asema nilianguka kama gunia, na meza ya mbele nikaenda nayo.

Tabibu akaitwa. Akasema mtu akiingiwa na hofu ya sindano, moyo hupunguza mwendo, damu huteremka miguuni, kichwa kikabaki kitupu. Akaniamuru niache kabisa. Nilishika neno moja tu: damu huteremka miguuni. Yote, kwa sindano moja. Yeye na masomo yake alifika begani tu.

Mama mkwe naye alikimbia huku na huko na maji na mito, mwishowe akavua soksi, akilalamika miguu inamwaka moto. Nikiwa bado sakafuni niliwatangazia wote kwamba mgonjwa amepona, wala sikumgusa.

Meza kapewa mwanyumba. Mimi nirudi kwenye pasi, kasema mama mkwe, mbali na sindano zote. Iliniuma kidogo. Halafu nikaelewa: mganga wa hadhi yangu hawezi kukaa mlangoni.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba ameteguka shingo akiinua meza yake, na mguu wa meza ameufunga kwa kamba. Nimemhurumia, nimechemsha sindano mbili. Moja iliteremsha damu, mbili zitaipandisha. Kesho nitajichoma kwanza, wateja wajionee. Nitasimama juu ya meza ya mbele, hata walio barabarani wanione.