Hakuna Wageni Butembo

Asubuhi ya siku ya soko, wananchi wa Butembo walitangaziwa kwamba ukarimu wao wa zamani umekwisha, na kwamba tangu saa ile utasimamiwa na serikali. Tangazo lilitolewa kwa megafoni, juu ya karoseri ya lori, na Bwana Stanislas, Kamishna Mkuu wa Mapokezi ya Hiari na ya Lazima. Cheo hicho alikipata pale waasi walioushika mji walipogawanyika tena na kujikuta wana vyeo vingi kuliko watu.

"Zamani," alinguruma, "msafiri alipokelewa ovyo ovyo, eti kwa sababu mtu amemwonea huruma. Hiyo ni anarchie, vurugu tupu! Leo tunazindua Mtandao. Kila msafiri atapata mwenyeji, bure. Na kila mwenyeji akisafiri atapokelewa, bure. Leo mimi kwako, kesho wewe kwangu!"

"Mukubwa," muuza vitunguu mmoja akapaza sauti, "njia ya Beni iko na barrière ya askari kila fasi. Sisi tutasafiri namna gani?"

"Ndiyo maana ninyi mnaanza kwa kupokea," akajibu Stanislas. Soko zima likapiga makofi, maana askari walikuwa wanatazama mikono ya watu.

Stanislas hakuwa kiongozi wa kuhubiri asichotenda. Jioni ile ile alijitangaza kuwa msafiri. Kwani hakutoka Beni, mtaa wa Mulekera? Mtandao ukamkabidhi kwa Mama Emérence, muuza maharagwe, na mumewe Onésime, fundi wa chukudu, ile mikokoteni ya mbao inayoshuka na viazi kutoka Kipese. Nyumba yao ilichaguliwa kwa vigezo vya kitaalamu: ilikuwa na godoro.

Emérence alimpokea kwa mikono miwili. Siku zile askari walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, wakichukua mwanaume mmoja kila nyumba, abebe masanduku ya risasi hadi vilima vya nyuma ya Mutwanga. Waliochukuliwa mtaa wa juu hawakuwa wamerudi. Onésime alikuwa na kifua kibovu; kupanda kilima cha kanisa tu kulimkohoza mpaka Jumatatu. Kuwa na mkubwa ndani ya nyumba, mama yule aliwaza, ni kama kuwa na ukuta.

Ukuta ukala. Ulikula kuku wa kwanza, ukala na ndugu zake, halafu ukamwulizia jogoo.

"Sasa nani atawaamsha alfajiri?" Stanislas aliuliza kwa upole, akinyonya paja la jogoo huyo.

"Hapana shida, mukubwa," akasema Onésime, aliyekuwa amehamia sakafuni jikoni. "Unakoroma nguvu kuliko yeye."

Baridi ya Butembo ilipomshika, Kamishna alivaa sweta ya Onésime, na kandambili za Onésime, akaketi kwenye kiti cha Onésime. Aliona Mtandao unafanya kazi vizuri.

Siku moja, hata hivyo, alisikia kupitia uani sauti ya jirani, Mama Florentine, ambaye alikuwa amegawiwa Kamishna Msaidizi. "Bageni hawa," Florentine alikuwa anauliza chungu chake, "banaenda siku gani?"

Stanislas aliumia sana. Si kwa ajili yake, bali kwa ajili ya falsafa. Akapanda tena lori.

"Tatizo ni neno," alitangaza. "Mkimwita mtu mgeni, mnaanza kumngojea aondoke. Kuanzia leo, Butembo hakuna wageni! Kila aliyepokelewa ni mtoto wa nyumba. Atakayetamka lile neno atakula fimbo."

Aliporudi, Emérence alikuwa anamngoja mlangoni.

"Donc weye ni mutoto yangu?"

"Kisheria, ndiyo, mama."

"Basi, mutoto, lete kuni."

Stanislas alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kuni alizileta Onésime, akikohoa.

Wakati wa chakula, Emérence alipiga magoti. "Mukubwa, kesho askari banafika kwetu. Onésime hawezi beba sanduku, atakufa njiani. Sema nabo neno moja tu."

Kamishna aliweka kijiko chini, kwa heshima ya jambo lenyewe. "Mama, masanduku ni ya Kamisheni ya Uchukuzi. Mimi ni Mapokezi. Nikiingilia kazi ya mwenzangu, nchi itakwenda wapi?" Akaomba aongezewe sombe, yale majani ya muhogo.

Emérence alimwongezea. Alfajiri aliichukua suti ya Kamishna, pamoja na vyote vilivyokuwa mifukoni, akaitia kwenye beseni, na safari hii hakubania sabuni.

Askari walikuja jua linachomoza, kikosi kipya kutoka mbali, kikiongozwa na Sajini Manassé.

"Mwanaume mmoja! Noki noki, upesi!" Tayari alikuwa amemshika Onésime mkono.

"Chef," akasema Emérence, "baba ya nyumba ni mugonjwa. Kamata mutoto."

"Mutoto wapi?"

"Ule anakunywa chai."

Manassé alikitazama kipara, akalitazama tumbo lililoinua sweta. "Huyu ni mutoto?"

"Anakulaka muzuri."

"Mimi ni Kamishna Mkuu!" Stanislas aliruka, chai ikammwagikia.

"Muji hii iko na bakomiseri bengi kuliko mbuzi," akasema Manassé. "Kadi iko wapi?"

"Kwenye suti!"

Wote wakageukia beseni. Povu lilikuwa zuri sana.

"Sikilizeni! Mimi si wa nyumba hii! Mimi ni mgeni!"

Mama Florentine, aliyekuwa ananing'inia juu ya ua, alishika mdomo. "Yesu wangu! Ametamka!"

"Ile neno imekatazwa," akasema Manassé kwa ukali, maana amri za mji alikuwa amesomewa alipofika. "Ni fimbo."

"Nililikataza mimi mwenyewe!"

"Donc ulikuwa unajua."

Alipigwa za kutosha kumwelimisha. Onésime, fundi asiyeweza kuona mzigo umekaa upande, alimtengenezea kata ya majani ya mgomba na kumsaidia kulipandisha sanduku kichwani.

"Chef!" Florentine akaita. "Hata kwangu iko mutoto! Bado analala!"

Mtaa mzima ukafunguka. Msaidizi akatolewa na shuka yake, Katibu wa Mapokezi akatolewa chini ya kitanda, na kila mama aliapa kwamba huyu ni wake wa kuzaa. Kisha, kama ilivyo desturi mtu wa nyumbani anapoenda safari, wakawasindikiza kwa nyimbo mpaka barrière ya mwisho.

Hapo Stanislas aligeuka, shingo ikitetemeka chini ya sanduku la risasi.

"Mama!" alilia. "Mama Emérence! Baambie mimi ni nani!"

Emérence alimpungia mkono.

"Nilishabaambia, mutoto yangu."