Kizingiti cha Norbert Hakipandi Kamyo Yoyote

Uvira, tarehe 28 Machi 1966

Kwa Bwana Shefu wa Ofisi ya Vifusi

Bwana Shefu mwenye kuheshimiwa,

Salamu zitangulie, mashitaka yafuate, maana mimi si mutu wa kuanzia kelele mlangoni. Ninaitwa Pudentienne, lakini ukiuliza kwa jina hilo hakuna atakayekuonyesha kwangu. Uliza Mama Norbert. Norbert ni yule anayesoma shule ya walimu kule Bukavu, wa kwanza katika avenue yetu yote kuvaa viatu vya kamba siku ambayo si Jumapili. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Ukiona mstari umepinda, ni meza.

Tangazo lenu nimelisoma mara mbili. Mnasema kila mwenye parseli ya nyumba iliyoharibika wakati wa uasi akodi gari kwenu na kuondoa vifusi, na kwamba kwangu mtafika Jumanne tarehe 5 Aprili. Nyumba yangu iliungua wakati tumekimbilia ng'ambo, Burundi. Nani aliichoma, sijui. Waasi wanasema askari, askari wanasema waasi, nyumba haisemi kitu. Hilo siwaulizi. Ninachokataa ni magari yenu, kwa sababu ndani ya vifusi vile iko kizingiti cha mlango wangu, na juu ya kizingiti hicho iko maandishi ya Norbert. Hakitaondoka. Sababu ni hizi:

1. Kamyo yenu kubwa, ile yenye sanduku la mbao refu kumpita mutu. Ajenti wenu Gaspard alikuja akaniambia, «Mama, chukua kubwa, utamaliza mara moja, uchafu ni uchafu.» Kwa jirani yangu Apollinarie alisema hivyohivyo. Wakajaza matofali mpaka juu, dereva akawasha, gari likalia kama mbuzi na kukaa palepale siku tatu. Kuku wa Apollinarie wametaga ndani, na sasa hataki gari liondoke kabla mayai hayajaanguliwa. Binti yangu Félicité, mudogo wake Norbert, alilitazama kidogo tu akasema matofali hujaza uzito kabla hayajajaza sanduku. Norbert angelisema hilo kwa Kifaransa.

2. Kamyo yenu fupi. Hiyo inafaa matofali, sikatai, ukiijaza nusu. Lakini Gaspard alitaka kupakia humo manjanja yangu, mabati ya paa yaliyojikunja kwa moto, na matawi ya mchikichi, na vitanda. Vitu vyepesi vinavyotanua miguu hivyo, Bwana Shefu. Vinataka sanduku kubwa na mahali pa kulala. Bati moja lilichungulia nje, likashika suruali ya Gaspard kwa nyuma, naye akarudi ofisini kwenu akitembea kinyumenyume. Sikucheka. Félicité alicheka, nimemkemea.

3. Remoroki ya trakta, ile iliyokuwa ikibeba mpunga wa Bwegera kabla ya vita. Mbao zake zimeachana. Mlipakia majivu ya watu wa avenue ya juu, yakamwagika njia nzima mpaka mlango wa kanisa, na Jumapili wakristo wote tuliingia misa na miguu myeupe. Padri alidhani ni Jumatano ya Majivu imerudi. Majivu yanataka kuloweshwa kidogo na kutiwa kwenye pipa lenye kifuniko. Hili nalo Félicité alilisema, akiwa anatwanga. Yeye anashinda nyumbani, ana muda wa kutazama vitu kama hivyo. Vifusi vyangu vyote alivipima kwa kikapu akaniandikia karatasi: vikapu vingapi vya tofali, vingapi vya majivu, kipi kipande gari gani. Karatasi iko kwangu. Ni kazi nzuri kwa mutoto aliyeacha shule mwaka wa tatu.

4. Mnachanganya. Kule mnakomwaga, kando ya ziwa, nimeona tofali nzima za kujengea zimelala chini ya takataka za choo cha mutu. Sasa niambie weye, mwenye mama na mwenye heshima: jina la mwanangu lilale chini ya nini?

5. Hapa ndipo penyewe. Siku ya uhuru, baba yao, Mungu amupumuzishe, alimimina simenti ya kizingiti asubuhi, kisha mimi naye tukaenda kwenye ngoma, watoto wakabaki. Tuliporudi tulikuta pameandikwa kwa kijiti, herufi zimesimama kama askari: NORBERT 30 JUIN 1960. Baba yao alikuwa tayari ameshika fimbo. Akasoma. Akasoma tena. Akaiweka fimbo chini, akasema mutoto mwenye mkono huu hawezi kuvua ndagala, atasoma mpaka vitabu viishe. Palepale tuliamua: Norbert aendelee, Félicité anisaidie nyumbani, maana wawili hatukuweza. Kila kitu ambacho mwanangu amekuwa kimetoka katika simenti ile. Moto umekula mlango, umekula paa, maandishi yamebaki.

Kwa hiyo, Bwana Shefu, ninaomba mambo machache. Kwanza, mtengeneze gari la nne, lenye springi laini na godoro, kwa vifusi vyenye jina. Dereva wake awe anajua kusoma. La sivyo, kizingiti kibaki mahali pake na mji ujengwe kukizunguka. Barabara ikibidi ipinde, ipinde, mbona milima imepinda nayo tunaipenda. Mtu akipita avue kofia. Na mwisho, kwa kuwa ofisi yenu haina mutu anayejua kipi kiende na gari gani, mumpe Norbert kiti hapo akimaliza shule. Cha Gaspard kinatosha. Gaspard mwenyewe nadhani kwa sasa hapendi kukaa.

Nisalimie bibi yako na watoto, madereva wote, hata wa remoroki, na umwambie Gaspard alete suruali, tutaishona. Ninakutumia ndagala kidogo. Si rushwa, zimekauka sana.

Mimi ninayengoja jibu kwa adabu,
Pudentienne, Mama Norbert

N.B. Leo ni Jumapili tarehe 3 Aprili. Barua haikuwa imeondoka, kwa sababu wa kuipeleka alikuwa na malaria, na mimi nilikuwa naongeza ndagala.

Norbert amefika jana kwa vakansi ya Pasaka. Kabla hajanywa maji nilimpeleka kwenye kizingiti. Alikuna kichwa, akasema, «Mama, miye siku ile nilikuwa mtoni naoga. Hii ni mkono wa Félicité. Papa aliponisifu, niliogopa kusema.»

Nilikwenda nyuma ya kibanda tunamolala sasa. Félicité alikuwa anaosha mchele. Nikamuuliza kama ni yeye. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kwa nini basi aliandika jina la kaka yake. Akasema, bila kuinua uso, «Nilijua papa atakasirika. Nilitaka amupige Norbert.»

Bwana Shefu, nimekaa juu ya kile kizingiti mpaka jua likanifukuza.

Gari la nne liache. Kiti cha Norbert kiache pia. Ni mutoto mwema, na mwandiko wake sasa nimeutazama vizuri. Ninafunga humu karatasi ya Félicité, mufuate hiyo. Mukiwa na swali, atakuja ofisini, lakini iwe mchana, maana baada ya Pasaka asubuhi atakuwa darasani kwa masista. Nimezungumza nao leo baada ya misa. Walisema ni mkubwa kidogo kwa darasa lile. Nimewaambia kosa la kuchelewa si lake.

Nimemuuliza kizingiti kipande gari gani. Amesema kamyo fupi, pamoja na matofali, nusu sanduku. Basi Jumanne mukibebe hivyo. Aliyekiandika niko naye nyumbani.

Mama Félicité